Mwanangu amekataa hitima ya bibi yake: je, ameingia kwenye msimamo mkali?

"Maalim, assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Pemba, wilaya ya Wete. Mwanangu mkubwa ana miaka 22. Amerudi kutoka Unguja baada ya kumaliza masomo na mpaka sasa hajapata kazi. Zamani alikuwa mpiga dufu chuoni kwake, lakini amebadilika kabisa. Bibi yake alipofariki alilibeba jeneza mpaka makaburini, kisha akakataa kuingia kwenye hitima, kile kisomo cha Qurani cha kumwombea maiti, akasema ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na thawabu zake hazimfikii maiti. Mfunguo sita baba yake alimlazimisha aje maulidini. Watu waliposimama kwenye kiyamu na mrashi ukapita, yeye akabaki kitako. Idd aliisali siku moja kabla yetu. Amemwambia babu yake kuwa kuzuru makaburi ya mashekhe ni shirki, na kwamba mwenye kufanya hivyo ni kafiri. Mdogo wake wa kike anamkataza skuli kwa sababu wanasoma pamoja na wavulana. Usiku kucha yuko na simu. Baba yake amempa mwezi mmoja ahame, na shemeji yangu anataka kwenda kutoa taarifa polisi kabla hatujachukuliwa sote. Nauliza mambo mawili. Mwanangu amekuwa gaidi? Na huu Uislamu wetu tuliorithi kwa wazee, ndio haufai?"

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi wa watoto. Kwa uliyoyaandika hapa, mwanao si gaidi, na Uislamu wa wazee wenu hauna kasoro unayoiogopa. Hata hivyo limo neno moja katika barua yako ambalo limenishughulisha kuliko yote, na nadhani wewe mwenyewe umelipita haraka kwa sababu limezungukwa na mengine yanayoumiza zaidi moyo wa mama. Hitima, kiyamu na Idd ni mambo ya kufanya na kuacha. Kumwita babu yake kafiri ni jambo la aina nyingine kabisa, na tukiyaweka yote kwenye kapu moja hatutajua tunatibu nini.

Nianze na hitima, kwa kuwa ndiyo iliyowasha moto nyumbani. Swali la kama thawabu za kisomo cha Qurani humfikia maiti lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ndivyo mhimili wa madhehebu yetu ya Kishafii, ameandika katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba kauli iliyo mashuhuri kwa Imamu Shafii ni kuwa thawabu za kisomo hazifiki. Wanavyuoni wengi wa Kishafii waliokuja baadaye wakaona zinafika iwapo msomaji ataomba dua baada ya kusoma, na hayo ndiyo tunayoyafanya huku kwetu. Madhehebu ya Hanbali, kwa upande wao, wanasema zinafika. Na Ibn Taymiyya, mwanachuoni ambaye bila shaka mwanao anamtaja kila siku, naye ana fatwa inayosema zinafika, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim ameitetea kauli hiyo kwa urefu. Sasa tazama hali ya nyumba yenu: mtoto ameshika kauli mashuhuri ya imamu wa baba yake, na baba ameshika kauli ya imamu anayependwa na mtoto, na kila mmoja anamwona mwenzake amepotea. Ningependa wote wawili waambiwe jambo hili katika kikao kimoja, kwa utulivu, na kitabu kikiwa mbele yao.

Kuhusu chakula cha msibani, mwanao akisema jambo msimkatalie mapema. Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya kifo cha Jaafar bin Abi Talib aliwaambia watu waipikie familia ya Jaafar chakula, na vitabu vya Kishafii vinachukia wafiwa kugeuzwa wapishi wa umma. Nyumba ngapi za Pemba zimekopa mchele na ng'ombe kwa ajili ya arobaini?

Ama Idd, hapo mwanao hajatoka hata hatua moja nje ya fikihi inayojulikana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kwamba kila mji una mwezi wake iwapo matlai, yaani mahali unapochomoza mwezi, yanatofautiana, na hoja yake ni hadithi ya Kuraybu, ambaye alitoka Shamu hadi Madina akamweleza Ibn Abbas kuwa watu wa Shamu wameuona mwezi usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akamwambia wao watafuata walivyouona wenyewe. Lakini kwa Hanafi, Maliki na Hanbali, kauli iliyo mashuhuri ni kwamba mwezi ukionekana mahali pamoja umeonekana kwa wote. Wanaofunga na kufungua kwa mwezi wa kimataifa wana pa kusimama. Tatizo lililopo ni la umoja wa mji na la nani ana haki ya kutangaza, na hilo Zanzibar limeshawahi kuleta magomvi. Kumwona mtu ni mkali wa itikadi kwa sababu ya mwezi tu ni kumdhulumu.

Maulidi yanahitaji maneno machache zaidi. Anayeyakataa hutegemea hadithi sahihi isemayo kila bidaa ni upotovu. Anayeyakubali hukumbusha kuwa Sayyidna Umar alipowakusanya watu nyuma ya imamu mmoja katika tarawehe alisema, "Bidaa njema ni hii," na kwamba Imamu Shafii amepokewa akigawa mambo mapya mafungu mawili, la kusifiwa na la kulaumiwa. Kabla ya kuzaliwa Muhammad bin Abdul-Wahhab, mwanzilishi wa mwamko wa Kiwahabi, kule Najd mwaka 1703, wanavyuoni walikuwa wameshabishana: al-Fakihani, ambaye ni Mmaliki, aliandika kuyapinga, na Suyuti, ambaye ni Mshafii, akaandika kumjibu. Ibn Taymiyya mwenyewe hakuyapendelea, lakini alisema mtu anaweza kupata malipo kwa mapenzi yake na nia yake njema. Kwa hiyo mwanao kubaki kitako wakati wa kiyamu ni kosa la adabu kwa mwenye nyumba, kwa kuwa mgeni anaweza kutokuja kabisa kuliko kuja akawaudhi watu. Na baba yake kumburura kwenye maulidi nako kulikuwa kosa. Hakuna aliyefaradhisha maulidi.

Wengi hapa kwetu husema kuwa maneno haya ya bidaa yameletwa na fedha za Waarabu wa mafuta. Upo ukweli ndani yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilifunguliwa mwaka 1961, na kuanzia miaka ya 1970 vijana wa pwani yetu walipata nafasi za masomo huko na kwengineko, wakarudi na vitabu na lugha mpya. Lakini hadithi haianzi hapo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa akiandika magazeti ya kuwakosoa watu kwa mambo ya ada yaliyochanganyika na dini, akiathiriwa na mwamko wa Muhammad Abduh na Rashid Ridha wa Misri. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mtoto wa Zanzibar aliyekuwa kadhi hapa na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyetufasiria Qurani yote kwa Kiswahili fasaha, aliwapinga watu wa bidaa kwa kalamu kali, na ndiye huyo huyo aliyetuandikia kwa heshima kubwa habari za mashekhe wa Kishafii wa Afrika Mashariki. Mtu mmoja aliweza kuwa na yote mawili: kukosoa, na kumheshimu anayekosolewa. Nina hakika mwanao anasoma tafsiri ya Sheikh Farsy bila kujua upande huo wa pili.

Swali linalobaki ni kwa nini kijana aliyekuwa akipiga dufu amegeuka hivi, na kwa ukali huu. Jibu la watu wengi ni kwamba anarejea nyuma, kwenye karne ya kwanza. Mimi naona ni kijana wa kisasa hasa. Chuoni kwa wazee wetu, mwanafunzi alianza na vitabu vidogo vya fikihi: alihifadhi Safina, akapanda kwa Abu Shujaa, na aliyejaaliwa akafika kwenye Minhaji ya Nawawi miaka mingi baadaye. Katika darasa za Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir hapa Unguja, khitilafu za wanavyuoni zilikuwa chakula cha wakubwa. Mdogo aliambiwa, "Kauli yetu ni hii," akaishika. Njia hiyo ilileta utulivu, lakini ilikuwa na upungufu mmoja: mtu wa kawaida alibaki na hukumu bila dalili yake. Baba wa watoto anajua kuwa kunuti ya alfajiri ni suna, na hajui hadithi yake, kwa sababu hakuwahi kuihitaji.

Mwanao amekulia kwenye zama ambazo kila kitu huulizwa "ushahidi uko wapi?" Anaandika swali kwenye simu, na kwa dakika tatu anapata jibu moja, lenye aya na namba ya hadithi, kwa sauti ya mtu asiyesita. Hapewi majibu mawili. Akirudi kwa mzee wa msikitini akamuuliza, mzee anasema "tumewakuta wazee wetu wakifanya," na kijana anakumbuka mara moja kuwa Qurani imewalaumu washirikina kwa maneno kama hayo. Hapo mzee ameshashindwa, ingawa yeye ndiye mwenye elimu zaidi. Ongeza kwamba kijana hana kazi, hana cheo, nyumbani anaonekana mzigo, na ghafla amepata jambo ambalo yeye anajua na baba yake hajui. Siwezi kumlaumu kwa kutaka dalili, kwani hiyo ni haki yake na ndiyo iliyokuwa kazi ya maimamu. Alilokosa ni mwalimu wa kumwonyesha kuwa upande wa pili nao una dalili.

Sasa nirudi kwenye lile neno la kafiri. Huku kwetu tumezoea kupima msimamo mkali kwa ndevu, kwa nikabu na kwa suruali iliyokatwa juu ya vifundo vya miguu. Vipimo hivyo havifai. Wapo maelfu ya watu wa suna, wenye mwelekeo kama wa mwanao, Unguja na Pemba wanaouza madukani, wanafundisha skuli, wanawazika jirani zao na hawamdhuru mtu. Na msimamo wa kati, ambao siku hizi unahubiriwa hata kwenye semina za hotelini zenye posho, haumaanishi kulegea. Wazee wetu wa Kishafii na wa Kiibadhi walikuwa wakali sana kwa nafsi zao. Kilichowatofautisha ni kuwa waliweza kumwona mwenzao amekosea na bado wakamwona Muislamu. Masultani wa hapa walikuwa Maibadhi na raia wao wengi Mashafii, na kadhi wa huku na kadhi wa kule wakaketi katika mji mmoja, kila mmoja akihukumu kwa madhehebu yake. Mwaka 2005 wanavyuoni zaidi ya 150 kutoka nchi mbalimbali walikutana Amman, Jordan, wakakubaliana kuwa wafuasi wa madhehebu manne ya Suni, mawili ya Shia, ya Ibadhi na ya Dhahiri wote ni Waislamu, na kwamba haifai kuwakufurisha. Zanzibar ilikuwa ikiishi hivyo bila ya kuandikiana mkataba.

Kukufurisha ndio mpaka wenyewe. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mtu akimwita ndugu yake kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Usama bin Zayd alipomuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga, Mtume alimuuliza kwa uchungu kama aliupasua moyo wake akaona. Hata wanavyuoni anaowafuata mwanao, akiwemo Ibn Taymiyya, hutenganisha kati ya kusema kitendo fulani ni cha kufru na kumhukumu fulani bin fulani kuwa ni kafiri. Hilo la pili lina masharti mazito, na miongoni mwa vizuizi vyake ni kutojua na kuwa na tafsiri. Al-Albani na Ibn Baz, wote wawili waliofariki mwaka 1999, waliwaonya vijana waziwazi dhidi ya mlango huu.

Kuhusu ziara, babu naye asikilizwe anafanya nini. Kuzuru makaburi na kuwaombea waliomo ni suna yenye hadithi katika Sahihi Muslim. Kumwomba Mwenyezi Mungu kwa kutawasali na mja mwema, yaani kumtaja mja huyo katika dua awe njia, kuna khitilafu ya zamani. Kumwomba maiti mwenyewe akupe mtoto au riziki, hilo maalim makini wa Kishafii naye atakuambia uliache. Huenda babu anafanya la kwanza na mjukuu amemhukumia la tatu bila ya kumuuliza.

Ukimwona mwanao ametulia, muulize aya ya 15 ya Suratu Luqman. Ataijua kwa moyo. Inasema wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mwenyezi Mungu, usiwatii, na ukae nao kwa wema duniani. Yaani hata kama dhana yake juu ya babu ingekuwa kweli, bado angewajibika kumnawisha mikono na kumsalimia kwa adabu. Usimuulize kwa kumshinda mbele ya watu. Muulize jikoni, peke yenu.

Nikupe rai yangu kuhusu hatua mlizozifikiria. Kumfukuza ndiyo mbaya kuliko zote. Kijana akitoka kwa baba yake ataingia kwa mwengine, na hamtajua ni nani. Mzungumze baba yake aufute ule mwezi mmoja, na kama anaona taabu kuliondoa neno lake, kaka yake mkubwa au mtu mzima wa mtaa amsaidie kuliondoa kwa heshima. Kumpeleka kwenye mjadala wa hadhara na sheikh wa upande wa pili nako hakufai, kwa sababu mtu hakubali kushindwa mbele ya kadamnasi. Kumpeleka moja kwa moja Ofisi ya Mufti ni jambo zuri kwa familia nyingi, lakini kwa kijana wa namna hii huenda lisizae kitu mwanzoni, kwa vile Mufti huteuliwa na Rais na vijana wengi wanaiona ofisi hiyo ni ya serikali. Ninaloliona lina faida zaidi ni kumtafuta sheikh wa upande wake mwenyewe, mtu wa suna aliyesoma kweli, anayejulikana kwa kupinga ukufurishaji. Wapo Pemba na wapo Unguja. Neno "usimkufurishe babu yako" likitoka kwa huyo litaingia mahali ambapo la baba yake halifiki. Na nyumbani, baba na mtoto wasome pamoja kitabu cha hadithi cha Riyadhu Swalihina baada ya magharibi, mlango mmoja kwa siku. Kimekusanywa na Nawawi, Mshafii wa baba, na kinasomwa katika misikiti ya watu wa suna kote. Hakuna kati yao atakayeona ameburutwa.

Suala la binti halihitaji kikao. Kaka hana mamlaka juu ya skuli ya mdogo wake hali baba yao yuhai. Akitaka kumhifadhi, amsindikize asubuhi na amsaidie hesabu jioni. Katika hili msimpe hata nusu ya nafasi, maana kujikaza yeye mwenyewe ni hiari yake, na kumkaza mwengine ni jambo jengine.

Ama polisi, namwelewa shemeji yako. Hofu yake haikutoka hewani: baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, miongoni mwa waliohukumiwa na mahakama za Marekani walikuwemo vijana wa visiwa hivi, na tangu Oktoba 2017 tunasikia mashambulizi ya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Lakini pia tumeona kesi ya viongozi wa Uamsho, jumuiya ya kidini ya Zanzibar, waliokaa rumande miaka mingi mpaka mashtaka ya ugaidi yakaondolewa Juni 2021. Jina la kijana likishaandikwa halifutiki kwa urahisi, na hitima si kosa la jinai. Zipo dalili ambazo nikiziona kwa mwanangu sitangoja: akianza kusema damu au mali ya fulani ni halali, akisifu mauaji ya raia, akikata ghafla jamaa wote na marafiki wake wa zamani, wakiwemo wa suna, akawa na watu asiotaka muwajue, akitafuta pasi ya kusafiria au fedha kwa siri, au akazungumzia kuhamia nchi ya vita. Likitokea mojawapo la hayo, mwoneni sheha na kadhi siku hiyo hiyo, na penye tishio la kumdhuru mtu nendeni polisi wenyewe, wazazi wote wawili, kabla hajaondoka.

Ipo hali nyengine ambayo watu wa dini huisahau. Umesema usiku kucha yuko na simu. Ikiwa pia hali chakula, analia bila sababu, anasikia sauti au anaona kila mtu anamfuata, mpelekeni hospitali ya Wete au Chake Chake aonane na daktari wa afya ya akili, kwa kuwa maradhi ya nafsi kwa kijana wa umri wake mara nyingi huvaa nguo ya dini. Hilo haliondolewi kwa mjadala wa bidaa, na wala si aibu. Mkienda, nenda na baba yake, na daktari aelezwe pia kuhusu kifo cha bibi, maana katika barua yako yote hukunieleza kama kijana huyu amewahi kumlilia.